Fundi Sikio na Mguu wa Mkwe Wake

Fundi Sikio hakujipa jina hilo mwenyewe, ingawa alilivaa kwa raha zote. Alipewa na watu wa gereji enzi za ujana wake, siku alipoinama juu ya injini iliyowashinda mafundi waliomzidi umri. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akasema, "Beringi ya pampu ya maji. Fungueni." Wakafungua, na kweli ikawa beringi ya pampu ya maji. Tangu hapo wenye magari walimtafuta kwa jina hilo, mkewe akaolewa na jina hilo, na bintiye akajulikana shuleni kuwa mtoto wa Sikio.

Sifa nayo hulevya. Kadiri miaka ilivyokwenda, fundi aliacha kabisa kuwauliza madereva maswali. Mwenye gari akianza kueleza linavyofanya, yeye hunyoosha kiganja kumnyamazisha. "Wewe pumzika. Injini itasema yenyewe." Watu walilipenda neno hilo. Wako waliomletea magari mazima kabisa, wapate tu kumwona anavyofumba macho, naye aliwafumbia.

Hakuna aliyemwambia kwamba sikio nalo ni kipuri, huchakaa. Nyuma ya ukuta wa gereji walikaa wanyoosha bodi, wakigonga bati asubuhi hadi jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea. Mlio wa simu ukapotea, na mfuniko wa birika ukacheza jikoni bila yeye kujua kwamba maji yamechemka. Bintiye, mwenye sauti nyembamba tangu utotoni, akawa kama anasemea nyuma ya mlango. Sauti nzito alizipata vizuri, na hizo ndizo zilizomsaidia kujidanganya: mtu anayesikia lori likipanda mlima mtaa wa pili ataitwaje kiziwi?

Lakini alijua. Alijua tangu siku rejeta ya gari moja ilipoanza kufoka mbele yake, na mwenzake, fundi wa umeme aliyeitwa Waya, akatoka mbio upande wa pili wa gereji kuja kuzima injini. "Husikii linavyofoka?" Waya aliuliza. "Nilikuwa nakupima wewe kama utasikia," Sikio akajibu bila kupepesa. Watu wakacheka, wakasema Sikio ni Sikio. Naye akacheka nao, kisha akaenda kusimama nyuma ya gari bovu, moyo unamdunda kama mwizi aliyeponea chupuchupu.

Akaanza kuishi kwa ujanja. Alikaa mahali anapoona midomo ya watu. Asichokisikia alikiitikia "Enhe" ndefu yenye busara, na akibanwa sana anamgeuzia msemaji kibao: "Mbona unaongea kama umemeza pamba?" Nyumbani mkewe na bintiye walipaza sauti siku hizi, naye hakutaka kujua kwa nini.

Ndipo likaja gari la mkwe wake.

Bintiye aliolewa na kijana mpima ardhi, na mama wa kijana huyo alikuwa mkunga. Hospitali ilikwishamstaafisha, lakini wajawazito wa mitaa ile hawakuwa na habari za kustaafu kwake. Mmoja akishikwa na uchungu, mtu hutumwa kwa mkunga, naye hutoka na mkoba wake na gari lake dogo la zamani, la kabureta, ambalo alilinunua kwa jasho lake alipofiwa na mumewe. Watoto aliowapokea wa kwanza kwanza sasa walikuwa na watoto wao, na gari ni lilelile. Bila gari, hafiki kwa mzazi kwa wakati. Asipofika kwa wakati, wataacha kumwita, na mama yule alikuwa hajui kuwa kitu kingine isipokuwa mkunga.

"Habari za nyumbani, mkwe?" fundi alimpokea siku hiyo ya kwanza.

"Njema, mkwe. Ila huyu mzee mwenzetu anaumwa," alisema mkunga, akiligonga gari paani. "Nikisimama, sailensa haitulii. Inapanda, inashuka, kama mtu anayesinzia mkutanoni. Nikikanyaga breki kwenye makutano ndiyo kabisa, linatetemeka hadi linazima. Na kuna kitu kinapuliza hapa miguuni, ssss, kama mtu..."

Kiganja kikanyooka. "Injini itasema yenyewe, mkwe."

Sailensa, kwa asiyejua lugha ya gereji, ni ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Gari zima hunguruma kwa upole mfululizo, huwezi hata kujua linawaka. Ikipandapanda na kushuka kwenye gari la kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, fundi yeyote aliyeiva hushuku hewa: kuna mahali injini inavuta hewa isiyo yake. Na hewa ikipenya penye ufa hupiga mluzi mwembamba.

Fundi Sikio akaweka bisibisi, akafumba macho. Alisikia pistoni zikipanda na kushuka, alisikia valvu, alisikia mnyororo wa ndani. Mluzi hakuusikia. Akahamisha bisibisi hapa na pale, watu wakimtazama kwa heshima, na kila alipoiweka alikuta ukimya uleule. Sasa fundi mwenye jina jingine angechukua maji ya sabuni akapaka kwenye viungo aone povu linapovutwa, au angebana mabomba ya mpira moja baada ya jingine. Ni kazi ya mwanafunzi. Lakini Sikio ashike kopo la sabuni mbele ya Waya na wateja? Alichukua bisibisi fupi akakaza skrubu ya sailensa kidogo, injini ikapandisha mlio, ikatulia kama mtoto aliyepewa pipi.

"Nenda salama, mkwe."

Mkunga akarudi. Gari lilikuwa linavuma kama linataka kuruka, na kwenye makutano bado linazima. Fundi akabadilisha plagi, akaosha kabureta ambayo haikuwa na uchafu wa maana, akakaza skrubu tena. Mkunga akaenda, akarudi tena, na safari hii gereji ilikuwa imejaa.

"Ile sauti ipo, mkwe," alisema akiwa kwenye usukani. "Tega sikio hapa chini, nikanyage breki usikie mwenyewe."

Fundi akainama ndani ya gari, kichwa karibu na viatu vya mama mtu mzima, mkwe wake. Mkunga akakanyaga. Huku nje nyundo za wanyoosha bodi zilikuwa zinalia, Waya na wenzake wamesimama mbali wakingoja hukumu. Hakusikia chochote. Akakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa hajui ainuke na uso gani.

"Hakuna sauti yoyote," alisema alipoinuka.

"Mimi naisikia, mkwe."

"Hakuna." Na kwa kuwa watu walikuwa bado wanangoja, na yeye hakuwa na kitu mkononi, akaokota kilichokuwa karibu. "Gari ni zuri kabisa. Tatizo ni mguu. Unachelewa kukanyaga klachi, ndiyo maana linazima. Usijali, mkwe, miguu nayo huzeeka kama tairi."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja akasema mama apelekwe akawekewe mguu mpya, vicheko vikapanda zaidi. Mkunga hakucheka wala hakukasirika. Alitazama chini kwenye pedali, akaivuta sketi yake ifunike magoti, akasema, "Labda, mkwe. Umri ni umri. Na haya masikio basi yamechoka, yanasikia visivyokuwepo."

Maneno hayo fundi aliyapata yote, hakuna lililompita.  Alijiambia kwamba atalitengeneza gari kimyakimya siku nyingine, watu wakiwa hawapo, na hakuna atakayejua. Mtu akishaanza kumtwisha mwenzake mzigo wake, kila siku hujiambia kwamba ataupokea kesho.

Hiyo kesho haikuja. Mkunga alikuwa anampeleka mjamzito hospitali, gari likazima katikati ya makutano, lori likapiga honi nyuma yao, na wapita njia wakalisukuma hadi kando huku mgonjwa analia kiti cha nyuma. Walifika, mtoto akazaliwa salama. Lakini habari zina miguu, na zilipowafikia watoto wa mkunga zilikuwa zimeota na mabawa.

Mwanawe, yule mpima ardhi, akaja gereji mwenyewe. Alimheshimu sana baba mkwe wake, akamvuta pembeni.

"Baba, naomba unieleze wewe mwenye ujuzi. Gari la mama lina tatizo?"

Hapo fundi alitakiwa kusema neno moja tu: sijui. Ni neno fupi. 

"Gari halina tatizo," alisema.

"Kwa hiyo ni mama mwenyewe."

Fundi akafuta spana iliyokuwa safi tangu asubuhi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na kijana akauchukua ukimya ule kama jibu.

"Jumapili tunakaa naye tumwombe funguo. Gari tutaliuza. Njoo na mama mkwe, baba. Wewe akikusikia atakubali, sisi atasema tumemchoka."

Jumapili ikafika. Fundi alivaa shati safi, akatembea nyuma ya mkewe kama mtu anayepelekwa kituoni. Bintiye aliwapokea mlangoni kwa mkunga, akamwingiza mama yake sebuleni. Fundi akasema anakwenda kunawa mikono, akapitia ua wa nyuma, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kuingia.

Gari lilikuwa uani chini ya kivuli cha ukuta, limezimwa. Mkunga alikuwa ndani. Amevua viatu, amevipanga vizuri sakafuni kando ya gari, na mguu wake mtupu unakanyaga pedali, unaachia, unakanyaga. Mikono iko kwenye usukani, macho mbele kwenye kamba ya nguo. Midomo yake ilikuwa inacheza, na fundi, ambaye siku hizi midomo ndiyo iliyokuwa masikio yake, aliisoma: klachi, breki. Klachi, breki. Klachi, breki.

Mkunga akamwona, akashtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Najifunza, mkwe," alisema, akicheka kicheko cha kujitetea. "Najua wameniitia nini. Nikasema kabla hawajaanza niwaonyeshe kwamba mguu umerudi. Hebu nitazame wewe mwenyewe. Bado nachelewa?"

Husemwa kwamba mtu akiaibika hutamani ardhi ipasuke. Fundi hakutamani ardhi ifanye lolote. Alitamani tu yule mama aache kukanyaga ile klachi. Mwanamke aliyeendesha gari lile kwenye mvua na kwenye matope, na mzazi anapiga mayowe nyuma, na hajawahi kumgonga hata kuku, ameketi uani kwake bila viatu anajifunza upya kuendesha, kwa sababu fundi mmoja aliona haya kushika kopo la sabuni.

"Fungua boneti," alisema. 

Hakuwa na bisibisi yake ndefu, na hata angekuwa nayo asingeitumia. Aliweka kiganja juu ya bawa la gari, karibu na injini. "Washa. Sasa toa gia kabisa. Mguu wa klachi uweke sakafuni, usiguse kitu. Haya, kanyaga breki."

Injini ikatetemeka chini ya kiganja chake, ikakohoa, ikazima. Gia haipo, klachi haijaguswa, na gari limezima. Kwa hiyo ni mguu gani uliochelewa?

Akatoa koleo mfukoni, akazungushia kitambaa, akaona bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, lile dude la bati la mviringo linalousaidia mguu kusukuma breki kwa nguvu inayovutwa kutoka kwenye injini. Akalibana. "Washa tena. Kanyaga."

Injini ikaendelea kunguruma. Akaachia bomba, injini ikayumba. Akabana, ikatulia. Kitu cha kubana na kuachia tu, kazi ambayo angeifanya siku ile ya kwanza mkwe wake alipomwambia waziwazi: breki, na miguuni kunapuliza.

"Busta," alisema. "Mpira wa ndani umepasuka. Ukikanyaga breki hewa inapita humo inaingia kwenye injini, injini inapaliwa."

"Ndiyo ile inayopuliza?"

"Ndiyo hiyo."

"Kumbe ipo," mkunga alisema taratibu.

Hapo mlango ulikuwa wazi, apite tu. Na bado fundi, Mungu amsamehe, alijaribu dirisha. "Vitu hivi hupasuka ghafla," alisema akiangalia injini. "Itakuwa imepasuka juzijuzi."

Mkunga alitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, alivyokubali upesi. "Kwa hiyo mwanzo ulikuwa mguu, na sasa ni busta. Afadhali, mkwe." Akainama kuvaa viatu vyake. "Ila usiwaambie kwamba nilikuwa najifunza. Watanicheka na hawa."

Sebuleni watu walikuwa wamekwisha kaa. Chai ilimiminwa, hakuna aliyeinywa. Mkunga aliweka funguo juu ya meza kabla hajaombwa, kisha akaketi mwisho wa kochi, mikono mapajani, kama mgeni katika nyumba yake. Mwanawe alizungumza kwa adabu na kwa mapenzi, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumvumilia. Alisema wanampenda. Alisema barabara za siku hizi si za kuchezea. "Na si sisi tu, mama. Hata baba fundi ameliangalia gari, ameona halina tatizo."

Wote wakamgeukia Sikio.

"Wanangu," mkunga akaanza, "nakubali mwanzo nilikuwa nakosea. Ila leo mkwe ameona..."

"Hakukosea," fundi alisema.

Fundi akasogeza kikombe chake pembeni.

"Hakukosea tangu siku ya kwanza. Aliniambia linazima akikanyaga breki. Aliniambia kuna kitu kinapuliza miguuni. Vyote kweli. Busta imepasuka, na haikupasuka juzi, nimemdanganya sasa hivi hapo nje." Alikuwa anaiambia meza. "Mimi sikukisikia. Sisikii. Sauti nyembamba zimeniacha, muda sasa. Watu walikuwa wananitazama, nikaona haya, nikasema ni mguu wake."

 Mkewe alikuwa ameinamisha uso. Bintiye alikuwa analia, na midomo yake ilisema kitu ambacho fundi hakukipata. Kisha akapaza sauti, kama alivyozoea kumpazia nyumbani.

"Tulijua, baba! Mimi na mama tumejua siku nyingi. Tulinyamaza usiaibike."

Mkunga aligeuka polepole kumtazama mkwewe huyo, mke wa mwanawe, anayekula naye na kumlelea wajukuu. Akamtazama na mama yake.

"Mlijua," alisema. "Kwa hiyo ili asiaibike yeye, nikaaibishwa mimi."

Mwanawe akafuta uso kwa kiganja. 

"Wamenicheka wanaume waliotahayari kunitazama siku nilipokuwa nawatolea watoto wao," mkunga aliendelea. Hakupandisha sauti. "Nikaacha kuyaamini masikio yangu. Nikaacha kuuamini mguu wangu. Mjamzito amelia nyuma yangu pale makutano nikajua ni mimi niliyemtesa. Nimekaa uani bila viatu najifunza kama mtoto." Akamgeukia fundi. "Kazi yangu yote nimewaambia wanawake, mficha uchi hazai. Usifiche, niambie panapouma. Ungesema tu husikii, mkwe, ningekusikilizia. Nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia."

Fundi Sikio alijaribu kuinua uso, ukamshinda. Alikuwa amekwisha kufikiria aibu ya siku watu watakapojua kwamba hasikii, akaiogopa kwa miaka. Sasa imejulikana, na haikuwa hata robo ya hii nyingine.

"Nisamehe, mkwe," alisema.

Mkunga alinyoosha mkono, akachukua funguo zake juu ya meza, akazitia kwenye mkoba na kufunga zipu. Hakuna aliyemzuia.

"Kesho nitakuja gereji," alisema. "Gari njoo ulichukue wewe, ulitengeneze kwanza. Mimi nitakuja kwa miguu, hii hii. Wale waliocheka wawepo wote, na huyo Waya awepo. Msamaha uniombe huko, palepale uliponichekeshea watu."